Mashine ya Kuenea Shubakani

Warda alisema maneno yake akiwa ngazini, mdomo bado umejaa kashata.

"Wifi, usijisumbue. Vunja jungu la mwaka huu pia njooni kwangu. Spika yangu mimi unaibonyeza tu, inaimba. Haina mkono, haina sindano, haina maradhi."

Wanawake wawili waliokuwa wakishuka naye wakacheka. Hamisa naye akacheka, maana wifi ana haki ya kutania, na Warda alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Lakini aliporudi kwenye cherehani yake alishona mguu wa suruali ya mteja ndani nje, ikabidi afumue wote.

Nyumba ile ya ghorofa moja pale Mikindani ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Subira, Mungu amrehemu. Kila mwisho wa Shaaban, kabla Ramadhani haijaingia na nyimbo hazijawekwa kando, wanawake wa mtaa walikuwa wakikutana hapo. Wanapika, wanakula, kisha Bi Subira anaweka santuri zake na watu wanacheza mpaka jasho linawachuruzika. Siku hizo walicheza chini, kwenye sakafu ya saruji. Sasa chini kulikuwa kumepangishwa muuza nyavu, na familia ilibaki juu. Amplifaya ya Bi Subira ilikuwa nzima, spika zake mbili za mbao nzima, santuri zimejaa kabati. Kilichokufa ni mashine ya kuzizungushia: chumvi ilikula mota, panya wakamalizia waya. Ndiyo maana mwaka uliopita vunja jungu lilihamia kwa Warda.

Hamisa alikuwa mtoto wa Nanyamba, ameolewa Mikindani tangu ujana, na mpaka leo wako waliomwita "yule wa korosho". Bi Subira hakuwahi kumwita hivyo. Alipokuwa anaumwa alimwambia neno moja tu kuhusu nyumba: "Usiache ikanyamaza." Mwaka mmoja wa kunyamaza Hamisa aliuona ni ajali. Wa pili ungekuwa desturi, na wanawake wangezoea njia ya kwa Warda.

Basi Jumatatu akafunga santuri moja kwenye kanga, ile ambayo Bi Subira alikuwa akiiweka mwisho watu wakishakolea, akapanda bajaji kwenda Mtwara mjini.

Burhanuddin aliuza vitu vya umeme, vipya mbele ya duka na vilivyotumika nyuma. Wageni wa kampuni za gesi wakimaliza mikataba yao, vyombo vyao vingi huishia kwake. Mkewe, Uzma, alikaa kwenye kaunta akichambua mchele kwenye sinia.

"Unataka ya kupamba sebule au ya kusikiliza?" Burhanuddin aliuliza.

"Ya kuchezea watu, kaka. Na nisiuze cherehani kwa ajili yake."

Akamtolea tatu. Ya kwanza ilikuwa kisanduku chekundu chenye mshikio, kipya, spika zake zimo humo humo. Ya pili ilikuwa nyeusi, ya kawaida, haina mapambo yoyote, ina mkanda wa mpira unaozungusha sahani na kizani, kijiuzito cha kukazia au kulegeza, nyuma ya mkono wa sindano. Ya tatu ilikuwa kubwa, ya mbao iliyong'arishwa, nzito kama jiwe la kusagia, iliyoachwa na injinia mmoja aliyerudi kwao.

Hamisa aliitazama ile ya mbao tu. Burhanuddin aliposhusha sindano, sauti ya mwimbaji ilijaa duka zima, safi, kana kwamba yule bibi amesimama kati ya majokofu. Uzma aliacha mchele wake.

"Hiyo," Hamisa akasema.

"Hata nyingine hujazisikia!"

"Nimeshasikia niliyoijia."

Bei yake ilikuwa inamzidi kidogo. Burhanuddin, aliyemfahamu kwa nguo za watoto wake alizoshona, akamwambia aichukue akaijaribu nyumbani kwanza. Ikimpendeza watazungumza, isipompendeza airudishe bila mkwaruzo.

Dereva wa bajaji alimsaidia kuipandisha ngazi, akashuka ameshika kiuno. Hamisa aliiweka mezani, akaunganisha waya kwenye amplifaya, akaweka santuri. Nyumba ikaimba. Alikaa kitini, mikono mapajani, akasikiliza mpaka katikati ya wimbo bila kusogea.

Ndipo Fahad, mumewe, aliporudi kutoka bandarini, ambako anaendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, akaingia na kiroba cha mchele begani. Hatua ya kwanza, sindano ikaruka. Hatua ya pili, ikarudi ilikotoka. Ya tatu, mwimbaji akawa anarudia neno moja kama mtu aliyeshikwa na kwikwi.

"Simama hapo hapo!" Hamisa akapiga kelele.

Fahad akasimama, mguu mmoja hewani. "Kuna nyoka?"

"Tembea polepole."

"Mama Thabiti, mimi ni mtu mzima na kiroba changu. Nitembee vipi?"

"Tembea kama mwizi."

Alitembea kama mwizi. Sindano ikaruka tena. Hamisa akajaribu mwenyewe: akafunga kanga kiunoni akacheza kidogo, kwa adabu, hata robo ya anavyocheza Warda haikufika. Mashine ikasaga wimbo wote ovyo. Ilikuwa sakafu. Juu pale sakafu ni boriti na chokaa ya zamani. Inabeba watu, lakini inapumua chini yao, na meza inapumua pamoja nayo. Dukani alikuwa amesimama kwenye saruji, tena bila mtu yeyote kucheza. Hilo ndilo kosa lake, kuchagua mashine ya ngoma kwa kukaa kimya.

Jioni yote walihangaika. Walitia godoro la sponji chini ya meza, mashine ikayumba zaidi. Fahad alibandika sarafu juu ya kichwa cha sindano. Haikuruka tena, lakini Hamisa aliona vumbi jeusi limejikusanya kwenye ncha, akaitoa sarafu haraka.

"Inachimba santuri hiyo. Wimbo wa mama yako unageuka unga."

"Basi mwaka huu wapige makofi wamekaa," Fahad akashauri.

"Vunja jungu la kukaa? Kwani tuna msiba?"

Fahad akacheka, akaenda kuoga. Hamisa alibaki amejilaza mkekani akitazama ukuta, na ukutani kulikuwa na shubaka. Ni tundu la mraba lililojengwa ndani ya ukuta wa mawe tangu nyumba inajengwa. Bi Subira alikuwa akiweka humo kandili na chetezo cha udi. Hamisa alinyanyuka, akatoa kandili, akaweka humo glasi iliyojaa maji pomoni. Akaruka kwa miguu miwili.

Vikombe kabatini vililia. Maji ya glasi hayakumwagika hata tone.

"Baba Thabiti!" akaita. "Toka huko bafuni, uje uruke!"

Fahad alitoka na shuka lake, povu masikioni, akaruka. Maji yalitulia. Sakafu ilikuwa inacheza, ukuta haukuwa na habari.

Futi ya kupimia haikutoka shingoni mwa Hamisa hata siku za sikukuu. Akapima shubaka, kisha akapima mashine ya mbao. Mashine ilizidi kwa zaidi ya kiganja.

"Nichonge ukuta kidogo," Fahad akasema.

"Uchonge ukuta wa mama yako kwa ajili ya sanduku la mzungu? Dada yako atatuhamisha wote wawili."

Siku ya pili yake alirudi kwa Burhanuddin na mashine ile ya mbao, bila mkwaruzo, futi ikiwa mkononi. Safari hii hakuomba kusikia kitu. Alipima kwanza: upana, kina, kisha urefu wa kwenda juu, na akakumbuka kuacha nafasi ya mkono kunyanyuka na waya kutokea nyuma.

"Wewe unaishonea gauni?" Uzma akauliza.

"Naitafutia chumba, dada."

Kisanduku chekundu kilienea vizuri sana, na bei yake ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote. Hamisa alianza kulegea. Wakakiwasha. Sauti ilitoka nyembamba, ya bati.

"Huyu bibi ana mafua," Uzma akasema bila kuinua kichwa.

Hamisa aliomba wakiunganishe na spika kubwa za dukani. Mafua yakapungua, hayakwisha. Akainama kuutazama mkono wake: kipande kifupi cha plastiki, hakina kizani nyuma, uzito wake ni huo huo uliotoka nao kiwandani na hakuna pa kuupunguza. Wimbo ulipokwisha aligusa ncha ya sindano kwa ncha ya kanga yake. Vumbi jeusi lilikuwepo, kama la sarafu ya Fahad.

"Hiki ni rahisi kukinunua," akasema taratibu, "halafu kila siku utakilipa kwa santuri."

Burhanuddin alikuna ndevu. "Mimi nauza vyote, mama. Lakini cha kwangu nyumbani si hicho."

Ikabaki ile nyeusi isiyo na mapambo. Ilienea shubakani ikiwa tu watang'oa kifuniko chake cha plastiki, na ingebaki nafasi ya kidole kila upande. Sauti yake haikuwa ya yule bibi kati ya majokofu. Ilikuwa ya bibi yule yule akiwa chumba cha pili, mlango wazi. Burhanuddin alimwonyesha namna ya kuzungusha kizani mpaka mkono uelee wenyewe, kisha kurudisha kidogo upate uzito wake. Sindano mpya zinaagizwa Dar es Salaam, zinakuja na basi. Mkanda ukichakaa unabadilishwa. Hamisa aliuvuta kwa kidole kama anavyojaribu mkanda wa cherehani, akauona bado una uhai.

"Na hii, kaka, nitaimudu?"

"Nusu ya ile ya mbao. Kifuniko nakutolea bure uende ukafunikie maandazi."

Kazi ya kuiweka ilimchukua Hamisa mchana mzima, na alimfukuza Fahad asimsemeshe. Kitako cha shubaka hakikuwa sawa. Mafundi wa zamani hawakuijua santuri. Aliweka bobini tupu ya cherehani juu ya sahani ya mashine, ikabingirika kushoto. Akakunja kipande cha kitambaa kigumu cha kola, akakichomeka chini ya mguu mmoja, akaweka bobini tena. Ikabingirika kulia. Akapunguza kunjo moja. Mwisho bobini ilikaa palepale ilipowekwa, na Hamisa akashona kipazia cha kaniki cha kuzuia vumbi na chumvi.

Siku ya vunja jungu walikuja baada ya sala ya adhuhuri. Kulikuwa na pilau, samaki wa kupaka, na mihogo ya nazi aliyopika Hamisa kwa namna ya kwao Nanyamba. Warda aliingia wa mwisho akiwa na kikapu kimefunikwa kanga. Alipomwinamia kumkumbatia, Hamisa aliona kilichomo: ile spika yake.

"Tahadhari tu, wifi," Warda akanong'ona. "Mgonjwa anaweza kuzidiwa."

Walipomaliza kula, Hamisa alifungua kipazia. Wanawake walipiga vigelegele kuiona mashine imekaa ukutani. Santuri ya kwanza ikazunguka, ya pili ikafuata, watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Warda alisubiri mpaka wimbo umekolea, akaja mbele ya shubaka, akakusanya kanga yake na mwili wake wote, akaruka.

Vikombe vililia. Muuza nyavu chini akapiga dari kwa fimbo. Wimbo uliendelea bila kukosa neno.

"Ruka tena, wifi!" Hamisa akamwambia. "Hujala?"

Warda aliruka tena, mara hii kwa kucheza, na chumba kizima kikamfuata.

Hamisa aliweka ile santuri ya mwisho. Walikuwa wamefika katikati, wameshikana mabega, umeme ulipokatika. Feni ilisimama. Sauti ya mwimbaji ilishuka, ikawa nzito, ikawa ya mwanamume mlevi, ikakata.

"Bibi kageuka bwana!" mmoja akasema, wakaangua kicheko, lakini kicheko kikaisha na santuri ikabaki imesimama. Macho yakaanza kutembea chumbani, yakatua kwenye kikapu.

"Bi Warda, si umekuja na spika?" jirani akauliza. "Ile ina betri yake. Hebu iwashe."

Hamisa alisogea shubakani. Alishika ncha ya kipazia chake akangoja.

Warda alitazama kikapu. Akamtazama wifi yake na futi iliyokuwa bado inaning'inia shingoni. "Haina chaji," akasema.

Kupitia kanga, Hamisa aliona kitaa cha bluu kinapepesa. Warda naye alikiona. Alijisogeza, akakaa mbele ya kikapu, akakiegemea kwa mgongo, na akaanza kupiga makofi pale pale wimbo ulipoishia. "Mnangoja nini? Kwani maneno hamyajui?"

Waliyajua. Waliimba wenyewe, wengine chini, wengine juu, sakafu ikipumua chini yao, mpaka umeme uliporudi na santuri ikanyanyuka kwa kukoroma kama mtu anayeamshwa, ikawakuta wameshampita ubeti mzima. Walicheka, wakamngoja mwimbaji awafikie.

Jioni Hamisa alikwangua ukoko wa pilau chini ya sufuria, sehemu inayogombewa kila mwaka, akautia wote kwenye sahani moja na kumpelekea Warda bila kugawa.

Warda alitafuna kwa utaratibu. Alipokuwa anashuka ngazi na kikapu chake, akageuka.

"Mwakani, wifi, tupange mapema," akasema. "Hapa pilau unaweza. Kashata nitaleta mimi."