Mazishi ya Mgomba

Mwaka ule wa vurugu za mlimani nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika shule ya wasichana upande wa Naitiri. Kwetu ni Kitale. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakapata shamba huko kabla sijazaliwa, kwa hiyo Wabukusu niliowafundisha waliniona mgeni, na mimi pia nilijiona hivyo.

Stoo ya shule ilijaa nakala za riwaya moja ya kale ya Kiingereza, msaada wa watu wa mbali waliotaka kupunguza mizigo nyumbani kwao. Ilikuwa riwaya ya kigothiki, yaani zile za jumba la mawe, ukungu, ngazi zinazolia zenyewe na bibi mwenye siri. Nilidhani kidato cha tatu wangeisinzilia. Kumbe! Waliisoma kwa sauti za kutisha bwenini mpaka matroni akaja kunilalamikia.

Mwisho wake ni huu. Bwana wa jumba anaingia kwenye kinamasi na harudi. Maiti haionekani. Nduguye anataka liwekwe jiwe la kaburi ili mambo yaishe, lakini mke anakataa. Kila jioni anawasha taa dirishani amwangazie njia, miaka nenda miaka rudi, mpaka taa hiyo hiyo inashika pazia na jumba linaungua naye ndani.

Nilipofunga kitabu nilitarajia kimya. Badala yake sauti ikatoka nyuma ya darasa: "Si wangezika tu mgomba, bana!"

Darasa zima likaangua kicheko, kisha wote wakataka kunielimisha kwa pamoja. Kwao, mtu akipotea na maiti isipatikane, jamaa hukata shina la mgomba, wakalivisha nguo zake, wakalilaza kwenye jeneza na kulizika nyumbani kama mtu. Watu hulia kwelikweli. Baadaye wafiwa hunyolewa nywele, na maisha yanaendelea. "Ati jumba yote iungue na migomba iko?" mmoja akauliza. Nilikuwa karibu kucheka nami, ndipo nikamwona msichana aliyekaa karibu na dirisha. Alikuwa ameinamia kitabu chake, hasomi.

Baba yake alikuwa amekodi shamba la mahindi juu ya Endebess. Milio ya bunduki ilipoanza huko mlimani, alipanda kwenda kuokoa mavuno yake. Hajaonekana tena. Walimu wote tulijua.

Mtihani wa kitabu ulifika. Swali la mwisho liliuliza ni nani wa kulaumiwa kwa mwisho huo wa kitanzia. Mwongozo wa kusahihisha ulitungwa na mkuu wa idara, mtu wa majibu mafupi: wa kulaumiwa ni mke, kwa sababu alikataa ukweli.

Asubuhi hiyo, kabla sijagawa karatasi, baba mdogo wa yule msichana alinisubiri nje ya ofisi ya walimu, kofia mkononi, gamubuti zimejaa udongo mwekundu.

"Madam, tumekuja kuchukua mtoto. Shimo tumechimba, watu wamefika. Mgomba tayari tumekata."

"Na yeye amekubali?"

"Huyo ndiye amekataa. Anasema ati hatatupa mchanga. Sasa mtoto wa kwanza asipotupa mchanga, hiyo ni mazishi gani?" Akaigeuza kofia. "Mama yake amechoka, Madam. Anakaa tu kwa mlango akiangalia barabara. Halali. Tunataka alale."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Nikamwambia asubiri mtihani uishe, na nilifurahi kuwa na kitu cha kumsubirisha. Akaketi kwenye kibaraza.

Msichana alimwona kupitia dirisha. Alijibu maswali yote polepole, akaomba karatasi nyingine, akaandika. Kengele ikalia. Wenzake wakanipa karatasi zao wakakimbilia githeri ya mchana. Yeye akaendelea. Ningeweza kumnyang'anya karatasi kama sheria inavyosema, lakini nilijifanya napanga zile nyingine, nikazipanga tena na tena. Mwishowe baba mdogo akaja akasimama mlangoni. Msichana akamaliza sentensi, akafunika kalamu, akanipa karatasi. Baba mdogo akambebea mfuko, wakaondoka.

Jumamosi nilisahihisha nyumbani Kitale, mezani kwa mama, yeye akipukuchua mahindi. Nilipofika kwenye jibu la yule msichana nilimsomea Mama kwa sauti, nikilitafsiri:

"Mke hana kosa. Watu wa jumba walichoka kungoja, wakauita uchovu wao ukweli. Mtu akirudi gizani kupitia kinamasi atajuaje nyumba yake ni ipi? Wa kulaumiwa ni ndugu. Alileta jiwe kabla ya kumleta mtu."

Mama aliacha mahindi. "Huyo mpe zote."

"Mwongozo hauruhusu."

"Huo mwongozo wako umempoteza nani?"

Nikampa zote. Niliikandamiza kalamu nyekundu hadi karatasi ikatoboka, kwa hasira. Niliwakasirikia wenye bunduki, nikamkasirikia mkuu wa idara, nikakikasirikia hata kitabu chenyewe kwa kuletwa kwetu mwaka ule kati ya miaka yote.

Wiki iliyofuata alirudi shuleni, kichwa kimenyolewa, kidogo kama cha mtoto mchanga. Niligawa karatasi. Wengine walipotoka alibaki, akaja mezani kwangu na yake.

"Madam, hii jibu ya mwisho si sawa."

"Nimekupa alama zote."

"Nimeona. Lakini si sawa."

Akachukua rula, akapiga mstari kukata kila sentensi aliyoiandika, mmoja baada ya mwingine, kwa unadhifu kabisa. Chini yake akaandika: Wa kulaumiwa ni mke. Alikataa ukweli.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa akifuta rula kwa sketi yake.

"Mama siku hizi analala," akasema.

"Na wewe?"

Akaisukuma karatasi upande wangu. "Nisahihishie, Madam."

Nilitaka kumwambia lile la kwanza ndilo bora, kwamba ni jibu ambalo sikuwahi kulipata kwa mwanafunzi yeyote. Lakini alisimama pale akingoja, macho kwenye kalamu yangu. Nikaweka alama ya vema kwenye lile jipya, kama mwongozo ulivyotaka, naye akasema asante.