Bosi anataka niseme uongo kwa sababu kila mtu anajua sisemi uongo

Admin, nakuomba unifiche kabisa, maana huku kwetu Mpimbwe ukikohoa Kibaoni, Usevya wanakupa pole.

Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, nimeokoka. Nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga na naishi hapo hapo kwa bosi, chumba cha uani. Mimi ndiye napokea mpunga wa wakulima, na funguo za ghala nashika mimi. Nilipoanza kazi mchungaji aliniambia, "Binti yangu, mtumikie bosi wako kama unamtumikia Kristo mwenyewe." Hilo neno nililishika. Mchele wa watu sijawahi kuchota hata kikombe. Wenzangu walikuwa wananitania, "Sista, hata panya wa hapa utawapeleka kanisani!" Ikafika mahali wakulima wanaacha mpunga wao ghalani kusubiri bei ipande, na wanasema wazi wanauacha kwa sababu yangu.

Msimu huu, alfajiri moja, bosi aliniamsha nimpe funguo. Nikaona Fuso linapakiwa magunia. Akasema ni mpunga wake. Mimi niliyapokea yale magunia kwa mikono yangu, nilijua ni ya watu, ila nikajiambia labda wameshaelewana. Nikachukua ufagio nikaendelea na kazi.

Bei ilipopanda wakulima wakaja, magunia hayapo. Bosi akapiga kelele kuliko wote kwamba ameibiwa. Polisi wakamchukua mlinzi wetu, mzee mpole ambaye wazazi wake walikuja Katumba kama wakimbizi kutoka Burundi. Yeye kakulia hapa hapa, ni Mtanzania kama mimi, lakini siku ile watu walisema, "Si mnaona, mtu wa kuja huyo." Iliniuma sana, na bado nikanyamaza.

Juzi bosi akaniita sebuleni. "Jumatatu utaenda kituoni. Sema ulimwona mzee anatoa magunia."

Nikamwambia, "Bosi, mimi sikumwona."

Akacheka. "Ndiyo maana nakutuma wewe. Nikisema mimi watabisha. Wewe ukisema, imeisha hiyo." Nikaanza kulia. Akasema, "Si mchungaji wenu anawafundisha kutii? Au mnatii mkipenda?" Halafu akaniuliza taratibu kabisa, "Kwani funguo za ghala anashika nani?"

Tangu siku hiyo geti likigongwa nadhani ni polisi wamenifuata. Na kinachonichanganya zaidi, huyu huyu bosi ndiye alimpakia mama yangu kwenye gari lake akamkimbiza hospitali Mpanda tulipokuwa tumeshakata tamaa. Mama hadi leo anamwombea kila asubuhi.

Jana mke wa mlinzi alinifuata bombani. Nilijua amekuja kunitukana mbele za watu. Akanishika mikono, akasema, "Mwanangu, mzee kasema tusihangaike kumtafutia mtu wa kumtetea. Kawaambia polisi wamuulize binti wa mashine, maana yule hasemi uongo." Akanishukuru, mimi sijafanya lolote! Ndoo ikanishinda kuinua.

Ndugu zangu, naogopa. Nikisema kweli, usiku huo nalala wapi, na nani ataamini kwamba mwenye funguo hakuhusika? Nikisema uongo, yule mzee anafungwa kwa mdomo wangu, mdomo huu huu ninaoimbia kanisani. Msiniambie niombe tu, nimeomba mpaka sauti imekauka. Mchungaji alinifundisha kumtumikia bosi kama Kristo, hakunifundisha cha kufanya siku bosi akinituma kumsulubisha mtu.

Hapa ninapoandika namsikia bosi anaita nimpelekee chai, na nitampelekea. Nishaurini jamani, Jumatatu nikifika pale kituoni nifanye nini?