Mama wa Stoo na Kifuniko cha Trela

Nilikuwa Waa nikinunua mihogo ya kukaanga mwenzangu wa zamani kazini aliponipigia simu kunieleza kwamba mama wa stoo ametutoka, na kwamba atazikwa kwao Kinango kesho kabla ya adhuhuri. Muuzaji aliniuliza kama bado nataka pilipili. Nikamwambia nataka. Wasomaji wa safu hii hawakumjua marehemu, naye hakuwahi kuisoma. Aliwahi kuniambia kwamba ina maneno mengi. Leo nitajaribu kuyapunguza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulifanya kazi pamoja katika hoteli moja ya Diani. Mimi nilikuwa mapokezi, naye alishika funguo za stoo na za ua wa nyuma. Katika ua huo mgeni wetu wa muda mrefu, mzee wa Kizungu, aliweka trela ndefu yenye ndege isiyo na injini, ile inayovutwa hadi juu kisha ikaachiwa ielee. Kifuniko cha trela kilikuwa kikubwa na kizito, na kilishikiliwa na vyuma viwili vya gesi, kama vile vinavyoinua buti la gari. Hewa ya chumvi ilikuwa imevimaliza. Gesi ilipokwisha, mzee alianza kukiegemeza kifuniko kwa mti wa mkoko, kisha akaingiza kichwa chake chini yake ili afungue mabawa. Siku nilizokuwa na nafasi, aliingiza na changu.

Siku moja mama alikuja kutafuta magunia, akatukuta. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimeinama humo humo.

“Marahaba. Toka hapo, mwanangu.”

Nikatoka. Mzee akasema mti ule umemfaa tangu Krismasi.

“Naona,” akajibu mama. “Na wewe toka, bwana.”

Mzee alikuwa akingojewa uwanja wa ndege wa Ukunda na hakutaka kucheleweshwa, kwa hiyo akatoka, akaenda kumshtaki kwa meneja. Mwaka ule wageni walikuwa haba, wenzetu wakiachishwa kazi kila mwezi, na mgeni wa kukaa miezi alitunzwa kama yai. Meneja, kijana wa bara, akaja mbio pamoja na mzee. “Madam, huyu ni guest wetu, wachana na yeye bana. Unataka kazi ama hutaki?”

“Kazi naitaka,” alisema mama. “Ingia wewe basi, umsaidie.”

Meneja alikitazama kifuniko kwa muda, akakumbuka kwamba kuna simu anayoingojea. Kabla hajaondoka, upepo ukavuma kutoka baharini, mti ukateleza, na kifuniko kikashuka kwa kishindo kilichowatoa wapishi jikoni. Hakuna aliyekuwa chini yake. Mzee akajipapasa shingo. Mama akauliza kama kuna aliyeyaona magunia yake.

Vyuma vipya vililetwa kutoka Mombasa. Vya kwanza vilikuwa na nguvu kupita kiasi. Kifuniko kilifunguka vizuri sana, kikakataa kufungwa, na wanaume watatu wakaning’inia juu yake bila mafanikio. Vya pili vilifaa. Fundi alibandua vile vya kwanza kwa bisibisi sisi tukiwa tumekishikilia kifuniko, akapachika vipya vyote viwili. Mama alisimama akitazama hadi mwisho, kisha akakisukuma kifuniko mara kadhaa kwa kiganja. Mzee, akiwa na haya kidogo, akamwalika apande ndege siku moja.

“Ahsante,” akasema. “Nina mchele wa kupokea.”

Tangu hapo nimefanya kazi katika ofisi nyingi, na karibu kila moja ina kitu kilichoegemezwa hivyo, na watu wenye adabu wanaoinama chini yake kwa sababu mwenye nacho ni mkubwa. Sote siku ile tulikuwa na adabu. Mama wa stoo alikuwa na watoto wanne na kazi ya kupoteza, akasema toka. Ukiona hatari, iseme, hata kama ni mbele ya mgeni na bosi wako pamoja. Yeye alisema, na jioni ile kila mmoja wetu alikwenda kwake akiwa na kichwa chake.