Nyuso za Waliomlilia Nyaga

Jua la Houston limeshaanza kuuma, na Lydiah Moraa amepiga goti kwenye lami, mbele ya nyumba ya kutunzia wazee, kamera begani, jicho moja limefumbwa. Mbele yake amesimama Cheruiyot, muuguzi aliyevaa sare ya buluu. Amepewa mapumziko mafupi, na nusu yake ameitumia akiuliza kama kola yake imekaa vizuri.

"Kaka, mama wa Nyaga hataangalia kola," Lydiah anamwambia. "Mtazame tu kama anayekukaribisha chai."

Cheruiyot anakohoa, anafungua mdomo, kisha anageuza uso kando.

Lydiah hazimi kamera. Hana uhakika kama ana wakati wa kungoja, lakini hazimi. Kesho jioni Shiru, mjane wa Nyaga, anapanda ndege kulipeleka jeneza la mumewe Embu, nchini Kenya. Tepu hii ni lazima iwe mkobani mwake.

Lydiah ana miaka thelathini na mmoja. Anaishi Arlington, mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari kutoka hapa, na kazi yake ya kila siku ni kuwaogesha na kuwalisha wazee kwa dola tisa kwa saa. Mwisho wa juma hupiga video za harusi, ubatizo na harambee. Kwa harusi hutoza dola mia na hamsini. Msibani hachukui kitu ila mafuta ya gari.

Wakenya wa Texas wanajua kwa nini kazi ya msibani haikosekani. Mtu akifia huku, ibada hufanywa huku kwanza, kisha mwili husafirishwa, na video ya ibada husafiri pamoja nao. Kule nyumbani jamaa huketi mbele ya televisheni na kumtafuta kila aliyekuja, mmoja mmoja. Asiyeonekana, basi hakuja.

Nyaga alianguka kazini, katika ghala moja la Stafford, jirani na Houston, na hakuamka tena. Alikuwa amekaa Marekani miaka kumi na mmoja bila kukanyaga kwao, kwa sababu karatasi zake za kuishi huku hazikuwahi kukamilika. Embu walishaanza kusema kwamba Amerika imemmeza. Mama yake alipopigiwa simu ya kifo, alilia, kisha akamuuliza Shiru swali moja tu: je, mwanangu alikuwa na watu?

"Niliposikia swali hilo, nikajua tepu hii si ya kuchezea," anasema Lydiah. "Na ndiyo hiyo niliyoichezea."

Tangu Januari mwaka huu wa 2004 anasomea filamu jioni katika chuo kimoja karibu na kwake. Mwalimu wake ni mama wa makamo aliyezaliwa Australia, na muhula huu amekuwa akiwaonyesha wanafunzi filamu za kwao, akiwauliza: kamera inatuambia nini kuhusu watu hawa?

Lydiah alizipenda filamu hizo kama mtu aliyepata ndugu asiowajua. Aliona nchi kavu iliyojaza kioo chote, na mtu mmoja akitembea ndani yake, mdogo kama punje ya mtama. Aliona wafuga kondoo waliomjia jirani aliyeunguliwa na ua wa mifugo yake. Kamera iliwapanga sawasawa, tajiri na kibarua, hakuna aliyepewa katikati. Mtu alipolia, kamera ilirudi nyuma na kumwachia heshima yake. Kisha, kwenye mazishi ya mmoja wao, mwingine akamtania marehemu, na wote wakacheka huku wamekunja mikono.

Mwalimu alieleza kwamba ndivyo Waaustralia wanavyopenda kujiona: watu wa nchi kubwa, wasiojikweza, wanaosimama pamoja bila maneno mengi.

Kwa hiyo Jumapili ya ibada, katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Alief, Houston, Lydiah aliisimamisha kamera nyuma kabisa. Alitaka Nyaga aagwe kwa heshima hiyo hiyo. Hakumsogelea aliyelia. Aliwaacha watu wakae kama walivyokaa, na msalaba mbali mbele yao. Wengi walichelewa, wakitoka kazini na sare zao, wakasimama ukutani pembeni, nje ya picha.

Jumatano alimwonyesha Shiru, nyumbani kwake Alief. Shiru aliitazama yote, mikono mapajani.

"Ni nzuri, Lydiah wangu," alisema mwishowe. "Imetulia. Lakini watu wako wapi?"

Lydiah alimwonyesha kwa kidole: hawa hapa, viti vyote hivi.

"Hivyo ni visogo," Shiru akasema polepole. "Mama atamjuaje mtu kwa kisogo? Hapa ataona ukumbi mkubwa na viti vitupu mbele. Atasema ni kweli, mtoto wake aliagwa na ukuta."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Lydiah zaidi. Alitoka nje, akaketi ndani ya gari lake na kumpigia mwalimu wake simu. Alitaka kuambiwa kwamba hakukosea. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba mtu wa kwao akiona nchi tupu kwenye kioo, anaona nyumbani. Je, huyo mama ataona nini?

Ibada ilikwisha, na haikuweza kurudiwa. Kuna aliyemshauri Lydiah awakusanye watu tena ukumbini, walie kidogo mbele ya kamera. Alikataa. Alihisi kwamba kumdanganya mama aliyefiwa ni kumfisha mwanawe mara ya pili. Akaamua kuwafuata watu mahali walipo, kila mmoja amwambie mama jina lake na jinsi alivyomjua Nyaga. Alimwomba msimamizi wake ruhusa ya siku mbili bila malipo, na asubuhi yake, Alhamisi, ndiyo hii, kwenye lami hii, na Cheruiyot bado amegeuza uso.

Hatimaye muuguzi huyo anairudia kamera.

"Mama, naitwa Cheruiyot. Nisamehe kwa nitakalosema. Mwanao hakujua kusonga ugali. Siku moja ulikuwa uji, siku nyingine mawe. Lakini kila Krismasi alituita sote tusio na jamaa huku, na tulikwenda, tukala, tukamaliza."

Kisha anafuta macho kwa kiganja na kurudi kazini mbio.

Lydiah anabaki na wasiwasi. Je, mama atacheka, au ataona mwanawe anadhihakiwa mautini? Anawakumbuka wale wafuga kondoo waliocheka wakiwa wamekunja mikono. Anauacha utani ule ndani ya tepu.

Anaendesha hadi Stafford. Kwenye mlango wa ghala anamkuta Scholastique, Mkongomani aliyekuwa akifunga maboksi pamoja na marehemu.

"Mama, miye sikukuwa na motokari," anasema Scholastique, akiitazama kamera bila kupepesa. "Nyaga alikuwa ananipitiaka kila asubui. Hakukuwa wa kabila yangu, hata wa inchi yangu. Alikuwa anasema tu, panda, dada, tutachelewa. Sasa ile asubui ya kwanza bila yeye, nilisimama njiani, nikamungojea."

Wako wanaokataa. Mwanamume mmoja, ambaye jina lake halitaandikwa hapa, anaogopa uso wake usije ukaonekana pasipotakiwa, kwani karatasi zake ni kama zilivyokuwa za Nyaga. Lakini alikuwepo ibadani, na hataki ihesabiwe kwamba hakuwepo. Lydiah anarudi nyuma hatua nyingi, hadi bwana huyo anakuwa mtu mdogo anayetembea kwenye uwanja mpana wa magari, kofia mkononi. Sauti yake peke yake ndiyo inayosikika karibu: "Mama, nilikuwepo."

Picha ile, Lydiah anasema, alifundishwa na Australia.

Akaongeza nyingine ya namna hiyo: barabara kuu yenye magari yasiyo na mwisho, kila gari na mtu mmoja ndani. Alitaka mama aone ni kwa nini wanawe wa huku hufika msibani wamechelewa, mmoja mmoja.

Ijumaa duka la Alief linalogeuza tepu za Marekani ili zichezeke kwenye mashine za Kenya lilikuwa na foleni. Lydiah alisimama akiitazama saa ya ukutani. Alimkabidhi Shiru tepu kwenye mlango wa uwanja wa ndege, akakumbatiwa, na kwa siku tano hakusikia lolote.

Simu ilikuja akiwa kazini Arlington. Shiru alisema mazishi yamekwisha. Mama aliitazama tepu pamoja na wanawake wa jumuiya ya kanisa, akiisimamisha kwenye kila uso hadi atajiwe jina tena. Kwenye ugali alicheka, akasema hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Kwa yule wa kofia alisimama wima hadi bwana huyo alipopotea kwenye picha.

Halafu akauliza, na huyu anayewasemesha wote, ambaye namsikia sauti tu, yeye ni nani? Mbona amejificha?

Lydiah anasimulia haya akikunja shuka za mgonjwa, na hapo mikono yake inasimama. Mama yake mzazi alifariki Lydiah angali shuleni. Kwa miaka mingi amewapiga picha wafiwa huku akijiuliza, siku yake ikifika, nani atashika kamera, na kwa ajili ya kumwonyesha nani.

Sasa ana mipango miwili. Muhula ujao atatengeneza filamu juu ya Waafrika wa Texas, na anadunduliza akiba anunue kamera ya pili, awafundishe vijana wa kanisani, kwa kuwa msiba haungoji mpigapicha mmoja.

Lakini kabla ya yote hayo kuna tepu fupi ya kutumwa Embu. Cheruiyot ameahidi kuja Jumapili kuishika kamera.

"Nimemwambia asogee karibu," anasema Lydiah. "Karibu kabisa. Yule mama ameniulizia."