Difu ya Daktari wa Meno

Kaka yangu wanamwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio, ingawa hapo pia Mungu hakumnyima. Alilipata kazini. Ukimletea gari linalolia nyuma, anakaa kiti cha nyuma, anafumba macho, anamwambia dereva, "Kanyaga. Achia. Kanyaga tena." Akishuka anakutajia beringi iliyokufa kabla hajalegeza hata nati moja. Sisi ni mafundi wa difu, lile bonge la chuma katikati ya akseli ya nyuma linalochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Yeye anapanga gia. Mimi mdogo wake wa kike naosha vyuma, nafunga sili za mafuta na kugombana na wateja. Mwaka wa kumi na nne huu, na kwenye kugombana sijapata mpinzani.

Jumatatu akaja daktari wa meno, mama mmoja mwembamba, na gari dogo lenye injini kubwa kuliko akili. Juu ya nguvu zake zote, bado kalifunga turbo.

"Difu imechoka," alisema. "Niwekeeni gia fupi kabisa. Taa ikiwaka kijani, nipotee."

Nilijichekea moyoni, maana hotuba ya kaka naijua kama jina langu. Ndani ya difu kuna gia mbili zinazoumana, kubwa inaitwa krauni, ndogo pinioni. Krauni ya meno arobaini na moja kwa pinioni ya meno tisa, shafti inazunguka mara nne na nusu ndipo tairi lizunguke mara moja. Hizo ndizo fupi. Zinalisaidia gari dhaifu kuondoka, lakini ukizifunga kwenye injini yenye nguvu, tairi litazunguka palepale likiungua, na kwenye barabara ndefu injini itapiga mayowe mpaka ufike kichwa kinauma. Krauni ya thelathini na tisa kwa pinioni ya kumi na moja ni mara tatu na nusu tu, na hizo ndizo ndefu. Gari lenye nguvu, kaka husema, halitaki msaada, linataka nafasi. Na daktari alishatuambia mwenyewe kwamba kila Ijumaa anaendesha saa nne nzima kwenda kumwona mama yake.

Kaka akasema, "Sawa. Arobaini na moja kwa tisa."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mimi!

Nikamvuta pembeni. "We kaka, unataka kumuua huyu mama? Injini ile na gia zile? Mvua ikinyesha tu, nyuma itamtangulia mbele."

"Mteja kataka."

"Mteja kataka, tangu lini? Ama kweli, sikio la kufa halisikii dawa!"

Ndivyo ninavyomtania siku zote akinipuuza, naye hunijibu, "Sikio halipiti kichwa, mdogo wangu." Safari hii hakujibu kitu. Alikuwa akinitazama mdomo, si macho, kisha akaenda zake.

Mchana kutwa nikawa namchunguza. Simu yake iliita juu ya benchi, sentimita chache kutoka mkono wake, wala hakushtuka. Nilimwita mara mbili nikiwa nyuma yake, kimya. Ya tatu nikagonga meza, ndipo akageuka. Nikaanza kukumbuka mambo. Wifi analalamika kuwa redio ya nyumbani kwao inasikika hadi kwa jirani. Wateja wanaambiwa warudie maneno. Na mimi mjinga nilikuwa nasema mzee siku hizi anaringa.

Jumanne nikamfuma. Alikuwa kalala chini ya pikapu iliyopandishwa kwenye stendi, magurudumu yanazunguka. Fundi yeyote akitaka kusikiliza chuma huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Kaka yangu mpini alikuwa ameung'ata kwa meno. Alikuwa anasikiliza kwa mifupa ya uso.

Nikaenda kuzima injini. Alipotoka nikasimama mbele yake anione mdomo. "Tangu lini?"

Akaufuta mpini kwa kitambaa, taratibu. "Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Mwaka jana. Nene bado nazipata kidogo."

Hapo ndipo nilipoielewa ile arobaini na moja kwa tisa. Gia mpya zikikosewa kwa unene wa karatasi tu, difu inapiga mluzi. Kwenye gia ndefu, injini ikiwa imetulia, mluzi huo kila mtu ataupata isipokuwa yeye. Kwenye gia fupi, kelele za injini zingeufunika. Kumbe hakumchagulia daktari gia, alijichagulia maficho.

Nilikasirika hadi machozi. "Umtie mama wa watu hatarini ili wewe usiaibike?"

"Nisipokuwa Sikio, mimi ni nani?" aliniuliza. "Nani ataniletea gari tena?"

Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kingetoka ndani ya difu yetu.

"Panga gia ndefu," nikamwambia. "Nitasikiliza mimi."

"Wewe? Wewe unajua kusema tu."

"Basi nitasikiliza, halafu niseme."

Akanituma nimpigie daktari simu, tukamweleza ile hotuba, akakubali shingo upande. Alhamisi tukatoka kulijaribu gari. Daktari usukani, kaka pembeni yake, mimi nyuma, kwenye kiti chake. Tulipofika mwendo wa kilomita mia moja kwa saa kaka akasema, "Achia."

Daktari akaondoa mguu, nami nikausikia. Mluzi mwembamba, wa birika linalokaribia kuchemka. Daktari alikuwa anazungumza, hakuujali. Kaka ananitazama kwenye kioo. Ningetikisa kichwa tu, jina lake lingebaki salama, na zile gia zingetafunana taratibu hadi Ijumaa moja, katikati ya barabara, mbali na watu.

"Inalia," nikasema.

"Ikivuta, au ikiachiwa?"

"Ikiachiwa."

Daktari akashangaa, akamgeukia kaka. "Fundi, si wewe ndiye Sikio?"

Kaka akamsoma mdomo. "Daktari, mimi sisikii. Anayesikia ni mdogo wangu."

Daktari akawasha indiketa, akageuza gari. "Basi, tu-ru-di, m-ka-i-pa-nge!" alimpigia kelele.

"Nimekuwa kiziwi, daktari," kaka akasema. "Sijawa mtoto."

Nikacheka peke yangu huko nyuma, machozi yananitoka.

Tulifungua difu. Kaka akayapaka meno rangi aone yanavyogusana, akabadilisha kipande kinachosogeza pinioni, akaweka chembamba zaidi, tukafunga. Barabara ileile, mwendo uleule. "Achia." Nikasikia matairi, upepo, na daktari anavyopumua.

Kaka akageuka mwili mzima kunitazama. "Vipi?"

"Kimya."

"Kimya cha kweli, au kimya kama changu?"

Mimi na mdomo wangu wote nilikosa utani. Nikamshika bega, nikasema polepole ili alione kila neno, "Cha kweli, Sikio."