Kiti cha Dirishani Katika Basi la Iyula

Asubuhi moja ya kijijini kwetu Iyula bado ninayo kichwani, mwanangu, ingawa ni ya zamani, kabla hamjaanza kuniita bibi. Nilikuwa matroni wa basi la shule ya serikali. Lilinunuliwa kwa fedha za halmashauri, na maneno yalianza hata kabla halijafika.

Baadhi ya wazazi walitaka libebe pia watoto wa shule binafsi ya Kiislamu, kwa kuwa shule zote mbili ziko barabara moja na kodi tunalipa wote. Wengine wakasema aliyechagua shule ya dini yake atafute na usafiri wake. Ungewasikia, ungedhani basi lile ni mke wa mtu. Hao wa pili ndio walioshinda.

Tukawa tunawapita watoto wale kwenye ukungu, hijabu zao nyeupe zikitokea na kupotea kandokando ya mashamba ya kahawa. Mmoja wao, Rehema, alikuwa akitupungia mkono. Mwezi wa sita, ukungu ukiwa mzito, lori la mahindi lilimgonga pale njia panda, akafariki palepale. Niliumia sana, nikadhani mabishano yatakwisha. Hayakwisha, na mdogo wake, Mwanaidi, akaendelea kutembea njia ileile.

Ndipo watoto wa basi walipobadilika. Tukifika njia panda walisogea wote, wakaacha kiti kimoja cha dirishani. Siku moja nilimwambia mtoto aliyesimama akikalie, naye akanijibu kwa upole, "Dada, pana mtu."

Nilikigusa. Kitambaa chake kilikuwa cha baridi na kimelowa umande, ilhali madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Dereva naye akaanza kusimama pale bila kuambiwa. Anafungua mlango, anangoja kidogo, anafunga. Niliogopa kumuuliza kwa nini.

Habari zikamfikia Mzee Simkoko, mwenyekiti wetu wa kijiji na mzee wa kanisa, aliyekuwa amepinga ombi la wazazi wale kuliko wote. Akapanda basi ajionee huo upuuzi wa watoto. Tulipofika njia panda mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, watoto wakasogea. Mzee, aliyekaa karibu na kile kiti, akavua kofia taratibu, na mimi sikuona amemvulia nani.

Jioni ile aliitisha kikao.

"Tumebishana basi ni la nani," alisema. "Watoto wetu wanampa nafasi marehemu, na sisi tumemnyima aliye hai. Kesho Mwanaidi apande, na wenzake."

Kesho yake Mwanaidi alipanda, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti bila kuelekezwa. Akakaa nusu yake tu, nusu akaiacha wazi, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, uso ameuelekeza dirishani.

Mwanangu, nawe ipo siku utaketi kwenye vikao, uamue mambo ya watoto wa wenzako. Kabla hujauliza mtoto anasali wapi, uliza anatembea umbali gani, na anapita wapi. Mali ya wote ni ya wote, hata kwa yule usiyesali naye. Wala usingoje msiba ndipo ukumbuke utu. Mungu akupe moyo wa kumwona mtoto angali hai, na wanao wafike salama waendako, na nyumbani warudi.