Nilitunga spell yangu mwenyewe nikiwa Saudia, ikapatikana ndani ya mkebe wa chai

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mchana na wa shift.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuandika yangu. Sitaongeza chumvi, na pale ambapo sijui kilichotokea nitasema sijui. Naandika kwa simu, makosa ya herufi mnivumilie.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mwanamke wa Nakuru, nimelelewa kanisani, hadi kwaya nimeimba. Nimezaa mara mbili. Mmoja yuko hai, ni msichana, anaitwa Shiru. Wa kwanza alizaliwa akiwa ameshafariki, miezi minane.

Pastor wetu aliniambia ni kwa sababu imani yangu ilikuwa ndogo. Aliniambia hivyo nikiwa bado natoka maziwa.

Sikurudi kanisani.

Wakati huo nilikuwa nasuka nywele kwa salon moja, na kwa simu nikaingia group ya Facebook ya wanawake wanaofuata Wicca, ile dini ya kizungu ya mishumaa, mwezi na spell. Wengi wao walikuwa wa South Africa. Najua kuna mtu hapa ameshaanza kuandika "ushetani". Tulia kwanza, usome hadi mwisho.

Mle ndani hakuna aliyenifundisha kuloga mtu. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatufundisha kutunga spell zetu wenyewe badala ya kukopi za kwenye internet. Alisema spell ni maombi unayoyafanya kwa mikono. Ujue unataka nini, useme kwa sentensi moja. Uchukue vitu ulivyo navyo nyumbani. Utunge maneno ya lugha unayootea ndoto. Ukimaliza, uachilie, usirudi kuchungulia kama imefanya kazi.

Na sheria moja: usimdhuru mtu, na usimgeuze mtu akili bila ruhusa yake.

Nilijaribu mara chache pale nyumbani. Mambo madogo tu, ya kulala vizuri, ya kusamehe. Yalinisaidia kulia, na nilikuwa nimesahau jinsi ya kulia.

Basi miaka ile ya 2010s kila mtaa ulikuwa na agent wa kupeleka wasichana Saudia. Nami nikaenda. Kwa training tulionywa wazi kabisa: usibebe mizizi, usibebe hirizi, usibebe hata kitambaa kimefungwa fungwa. Kule uchawi, wanauita sihir, si kesi ya kuombewa radhi. Adhabu yake unaweza kuilipa kwa shingo.

Nikafuta ile group kwa simu nikiwa airport. Nilienda na nguo na picha ya Shiru, basi.

Nyumba yangu ilikuwa Riyadh, Shumaisi, ile mitaa ya zamani ambako ukitoka dukani unasikia lugha za nusu dunia. Bosi alikuwa mtu wa kimya. Madam alikuwa mwalimu, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, na alikuwa mjamzito. Watu wazuri. Kazi nyingi, lakini nilikula walichokula na ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilitoka bila vita.

Mimba ilipofika miezi saba, wakaenda hospitali asubuhi, wakarudi baada ya siku mbili bila kitu.

Wakuu, sikuambiwa chochote. Nilimwona akishuka kwa gari ameshika tumbo kama mtu aliyeibiwa. Nikajua.

Madam akajifungia. Hakula. Kazini hakwenda. Nikipeleka sinia naipata pale pale mlangoni imepoa. Nikigonga ananifokea. Siku moja alinirushia kikombe, hakikunipata. Mara nyingi nilimsikia nyuma ya mlango akisema maneno yale yale, na Kiarabu changu kilikuwa kimeshatosha kuyaelewa: "Ni mimi. Nilibeba vitu vizito. Ni mimi."

Hapo ndipo nilishindwa. Kwa sababu hayo maneno niliyajua. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kitandani kwangu Nakuru.

Kumshika mkono nisingeweza, mimi ni housemaid. Nikaamua kufanya kile nilichokijua.

Nilifikiria kwa siku tatu. Jambo la kwanza lilikuwa ile sheria ya ruhusa. Madam hakuniruhusu kumfanyia kitu. Kwa hiyo nikakata kauli kwamba sitaweka unywele wake wala kitu chake chochote. Nitaifunga kwangu, kwa mkono wangu na chai yangu. Mengine nitamtakia tu, kama mtu anavyomtakia mgonjwa heri.

Nikachukua uzi mweupe kwa mkebe wa kushonea. Iliki saba na karafuu chache kutoka jikoni. Karatasi ndogo. Maneno nilijaribu kuyatunga kwa Kiingereza kama walivyofanya kwenye group, yakawa kama tangazo la sabuni. Nikaandika kwa Kiswahili.

Mistari saba, kwa ile miezi saba:

Mkono wangu uwe mwepesi.
Chai yangu iwe tamu mdomoni mwake.
Mwenye nyumba hii ale.
Alale usingizi wa kweli.
Mtoto aliyekwenda apumzike.
Mama yake asijilaumu, hakumkosea.
Na mimi nisimchukie anaponifokea.

Jioni, wakati wa kuanua nguo kule juu ya paa, mwezi ulikuwa mchanga, kama ukucha. Nilisoma mstari mmoja, nikafunga fundo moja kwenye uzi. Mstari wa pili, fundo la pili. Hadi saba. Nikakunja karatasi na viungo ndani ya kitambaa, nikazungushia ule uzi, nikashuka na kapu la nguo kama kawaida.

Kile kifurushi nikakiweka chini kabisa ya mkebe wa majani ya chai. Nilijiambia kila nikipika chai nitakumbuka nilichoahidi.

Ilifanya kazi? Sijui. Ninachojua ni kwamba mimi nilibadilika. Niliacha kugonga mlango kama askari. Nilikuwa naketi pale nje na kikombe cha chai ya maziwa, nasema "madam, chai", halafu nanyamaza, nabaki pale pale. Siku ya sita mlango ulifunguka kidogo. Mkono ukatoka, ukachukua kikombe.

Wiki iliyofuata alikuja jikoni mwenyewe. Akaketi kwenye kiti changu. Akanywa viwili.

Ikafika likizo, wakaamua kwenda Jeddah kwa mama yake madam, tuliyekuwa tunamwita Hajja. Madam akasema hawezi kunywa chai nyingine, mkebe ubebwe. Nami mjinga nikaubeba. Niliona kukitoa mle kifurushi ni kurudi kuchungulia, na nilikuwa nimeambiwa nisirudi. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimeanza kujisahau.

Siku ya pili Jeddah, baada ya lunch, nilikuwa naosha bafu nikasikia sauti ya Hajja jikoni. Hakupiga kelele. Alitaja tu jina la Mungu, tena na tena.

Nilipofika, mkebe ulikuwa umemwagwa mezani. Kifurushi kiko wazi. Yeye amesimama mbali nacho, ameshika ukuta.

"Sihir," akasema. "Ndani ya chai ya mwanangu."

Wakuu, hesabuni wenyewe. Mtu mgeni, mafundo, maandishi ya lugha isiyojulikana, ndani ya kinywaji cha mwanamke aliyepoteza mtoto. Hebu jiweke kwa viatu vya yule mama. Hata mimi ningejiogopa.

Bosi akachukua simu yangu, nikafungiwa chumba cha kufulia. Kupitia mlango nilimsikia Hajja akitaka polisi waitwe sasa hivi. Na nikasikia sauti ya madam, ya chini sana: "Kwanza tujue imeandikwa nini."

Hayo maneno ndiyo yaliyonipa muda. Namshukuru hadi leo.

Nyumba ya jirani kulikuwa na maid Mkenya, bosi akapendekeza aitwe. Hajja akakataa, akasema tutafichiana siri. Alitaka Mwislamu, mtu mzima, asiyenijua. Bosi akampigia rafiki yake wa ofisi za bandarini, na rafiki akasema wana karani mmoja Mzanzibari, mzee, ameishi Jeddah miaka mingi.

Nilikaa mle kwenye sabuni na mashine kama saa tatu. Nilimfikiria Shiru, nani atamwambia na atamwambiaje. Sikuomba kitu. Sikujua nimwombe nani.

Nilipoitwa majlis, sebule yao ya wageni, mzee alikuwa ameketi na miwani, kanzu nyeupe, kile kitambaa mbele yake kwenye sinia. Tuseme aliitwa Mzee Othmani. Sisi wa bara shikamoo si kawaida sana, lakini ilinitoka yenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usitetemeke. Haya umeyaandika wewe kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Ulimtaja nani? Jini? Shetani?"

"Hapana, mzee. Hakuna jina. Nilimwomba yule anayesikia. Hata sijui nimuite nani siku hizi."

Akaweka miwani sawa. Kisha akasema, "Mimi nitasoma kilichopo. Sitapunguza, sitazidisha." Akawageukia wao, akawaambia vile vile kwa Kiarabu.

Akaanza. Mstari wa kwanza, mkono wangu uwe mwepesi. Wa pili, chai. Hajja uso kama jiwe. Wa tatu na wa nne. Bosi aliinamisha kichwa.

Wa tano akausoma polepole. Mtoto aliyekwenda apumzike. Wa sita, mama yake asijilaumu, hakumkosea.

"Rudia," madam akasema.

Akarudia.

"Tena."

Mara ya tatu madam alikuwa amefunika uso na abaya yake, mabega yanatikisika.

Mzee akamalizia wa saba: na mimi nisimchukie anaponifokea.

Hajja akamgeukia binti yake. "Wewe unamfokea?"

Madam akajibu kutoka ndani ya abaya, "Nilimrushia kikombe."

Na Hajja, yule yule aliyetaka polisi, akatoa sauti fulani puani. Sijui kama ilikuwa kicheko au kilio. Alihamia kwa binti yake, akamkumbatia. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kumlilia yule mtoto pamoja.

Lakini haikuisha hivyo kirahisi. Mzee aliniambia bila kunibembeleza: "Maneno yako mazuri, mwanangu. Haya mafundo si mazuri. Kwetu kufunga fundo na kulisemea ni jambo zito, dini imelikataza. Kama una haja, omba. Usifunge." Akaomba maji, akanawa, akayafungua moja moja huku akisoma dua. Vidole vyake vilikuwa na wino wa ofisini. Karatasi ikalowekwa kwa maji hadi ikafutika, iliki zikatupwa. Bosi akaniapisha kwamba sitarudia ndani ya nyumba yake. Niliapa, na sikurudia.

Nilimsindikiza mzee hadi mlangoni, bosi akiwa nyuma yetu. Nikamwambia, "Asante mzee, umeniokoa."

Akasema, "Sikukuokoa. Nimesoma. Ungekuwa umeandika jambo jingine, ningelisoma hilo hilo."

Akavaa viatu, akaenda zake. Sikumwona tena.

Nilimaliza contract yangu, nikaongeza mwaka mmoja. Madam alirudi kazini. Hakuwahi kunifokea tena, au tuseme alifoka mara mbili tatu kisha akaja kusema samahani, na wale mliofanya kazi Gulf mnajua uzito wa hilo. Nilipoondoka alinikumbatia airport mbele ya watu. Hajja alinitumia tende, sanduku zima.

Siku hizi niko Nakuru, nina salon yangu ndogo. Kanisani sijarudi, na ile group sijairudia pia. Bado natunga maneno yangu nikilemewa. Mafundo niliacha, kwa heshima ya yule mzee.

Nilichojifunza: ukitaka kuandika dua, spell, au hata message ya hasira, jiulize kama ungeweza kusimama chumbani huku inasomwa kwa sauti mbele ya yule uliyemwandikia. Kama huwezi, chana.

Na kwa dada zangu mnaokwenda kule: msifanye nilichofanya. Mimi nilibahatika kupata madam aliyeuliza kwanza, na msomaji mwaminifu. Kuna walioandika mazuri kama yangu na hawakupata hata mmoja wa hao wawili.

Kama kuna mtu wa Unguja humu ana mjomba au babu aliyekuwa karani bandari ya Jeddah, mtu wa miwani, asiyepunguza wala kuzidisha, mfikishie salamu. Mwambie yule binti wa chai yuko hai, na mtoto wake amemaliza darasa la nane.

Wengine, karibuni mseme. Hata wa kunikemea, mimi niko hapa nasoma.